Kupaka Rangi na Kupiga Chapa Sakafu za Vigae vya Zamani

(Maelezo ya mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya ushirika, Jambiani)



Maombi ya mkopo wa kutengeneza nyumba yanapofika mbele ya kamati ya chama, aghalabu huwa yameandikwa kwa maneno machache: paa, mlango, sakafu. Paa linalovuja hulielewa kila mtu. Mlango ulioliwa na mchwa huonekana. Sakafu ndiyo inayoleta ubishi. Mwombaji husema kwamba vigae vya sebule yake vimefifia na vingine vimepasuka, na kwamba fundi amekwisha kumshauri avibomoe vyote atandike vipya. Mjumbe mmoja huuliza kama kuna ulazima. Mwingine hujibu kuwa nyumba ya mtu ni heshima yake. Na katibu hubaki na kalamu mkononi. Mazungumzo haya yamekusudiwa kumpa katibu huyo maswali ya kuuliza, na kumpa mwanachama njia iliyo baina ya kubomoa na kuacha, nayo ni kuipaka sakafu rangi na kuipiga chapa.

Kwanza itazamwe hesabu. Chumba cha mita 4 kwa mita 3 kina mita za mraba 12. Vigae vya sentimita 30 kwa 30 vitakavyokienea ni 134, na kwa kuwa vingine hukatwa pembeni na vingine huvunjika, mtu mwenye busara hununua 150. Juu ya hivyo iko saruji, uko mchanga, uko ujira wa kubomoa na ujira wa kutandika, na iko gari ya kuvichukua kutoka mjini, mwendo wa zaidi ya kilomita 50. Kwa upande wa rangi, lita moja hutosha kiasi cha mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Mkono mmoja wa rangi ya msingi, mikono miwili ya rangi ya sakafu, nusu lita ya rangi ya chapa na mikono miwili ya vanishi, jumla yake haizidi lita 7. Bei hubadilika, kwa hiyo kila katibu aweke bei za siku yake penye hesabu hizi, ila tofauti itakuwa kubwa vyovyote vile.

Tofauti hiyo si jambo la mchezo kwa Jambiani. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza katika mwambao wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, Jambiani na Paje zikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo, na walio wengi katika kazi hiyo ni wanawake. Mwani wa kotonii, wenye bei nzuri zaidi, umekuwa ukifa kwa kuwa maji ya kina kifupi yamezidi kupata joto. Uliobaki kwa wingi ni spinosi, ambao bei yake ni ndogo. Fedha inayoingia katika sakafu ni fedha iliyopatikana kwa kuinama majini siku za bamvua, kufunga kamba, kubeba na kuanika. Kamati inayouliza maswali mawili zaidi kabla ya kupitisha mkopo wa kubomoa haimdharau mwombaji.

Swali la kwanza ni hili: chini ya vigae hivyo kuna nini?

Neno lenyewe sakafu lina asili ya Kiarabu, na huko lilikotoka maana yake ni dari au paa. Sababu si ngumu kuiona. Katika nyumba za mawe za Unguja, dari ya chini ndiyo sakafu ya juu: hulazwa boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, kisha kifusi na chokaa, na chokaa hiyo ikapigiliwa kwa vijiti mpaka ikashikana. Kazi ya kupigilia ilifanywa na watu wengi kwa pamoja, aghalabu wanawake, kwa nyimbo, nao ulikuwa ushirika kabla ya kuwa na daftari la ushirika. Nyumba za Jambiani nyingi ni za ghorofa moja, lakini zile kongwe zimejengwa kwa mawe na chokaa iyo hiyo. Vigae vilikuja baadaye na vikatandikwa juu ya sakafu ambayo tayari ilikuwa na tabia yake.

Na tabia ya chokaa ni kupumua. Unyevu hupanda kutoka ardhini, hupita ndani yake na kutoka hewani polepole bila kudhuru. Kigae kinachong'aa hakipitishi unyevu. Kwa hiyo unyevu hutafuta maungio baina ya kigae na kigae, au huenda pembeni ukapanda ukutani. Ikiwa mchanga uliotumika ulichotwa ufukweni, na katika nyumba nyingi za zamani ndivyo ilivyokuwa, maji hayo huchukua chumvi na kuiacha juu yanapokauka. Ule unga mweupe unaoota kandokando ya vigae, yaani shura, ndio ushahidi. Mwenye nyumba huufagia asubuhi, na baada ya siku chache huukuta tena. Rangi ikipakwa juu ya shura haitadumu hata msimu mmoja, kwa kuwa chumvi husukuma kutoka chini na rangi huvimba kama ngozi iliyoungua. Wala vigae vipya haviponi, isipokuwa huchukua muda mrefu zaidi kuonyesha ugonjwa. Hapa ndipo fundi aliyeshauri kubomoa anapopaswa kuulizwa: kama kilichoharibu vigae vya kwanza ni maji ya ardhini, vya pili vitaokolewa na nini?

Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama. Kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita hutandazwa sakafuni, pande zote nne zikabandikwa kwa utepe wa gundi pasiwe na upenyo, kisha huachwa usiku na mchana. Kikifunuliwa na kukutwa na matone chini yake, au sakafu imegeuka rangi na kuwa nyeusi zaidi, unyevu upo. Kwa nyumba iliyo karibu na ufuo, kipimo kifanywe siku za bamvua, kwani visima vya karibu na bahari hupanda na kushuka kwa kufuata maji, na ardhi ya matumbawe ina matundu mengi. Sakafu inayoonekana kavu siku za maji mafu yaweza kuwa na hali nyingine siku za maji makubwa. Pembe mbili au tatu za chumba zipimwe, wala si katikati peke yake. Penye unyevu, fedha iende kwanza kwenye mfereji wa kuondoa maji ya mvua ubavuni mwa nyumba, kwenye bomba linalovuja, au kwenye kifusi na mchanga uliorundikana nje hadi kupita kimo cha sakafu. Rangi ingoje.

Swali la pili ni la aina ya kigae, nalo lina uzito wa namna nyingine, kwa sababu kosa lake halirudi.

Vigae vinavyofaa kupakwa ni vile vya udongo wa kuchomwa vyenye ngozi ya kung'aa, ambavyo madukani siku hizi huitwa marumaru ingawa havina hata chembe ya marumaru. Ukivitazama mahali vilipomegeka, rangi yake ni ngozi nyembamba, na chini yake ni udongo mwekundu au mweupe. Hivyo vikichakaa havina thamani nyingine, na kupakwa ni kupewa umri wa pili.

Viko vingine ambavyo havifai kuguswa kwa brashi ya rangi. Katika baadhi ya nyumba za Mji Mkongwe, na mara nyingine katika nyumba za shamba za watu waliokuwa na uwezo, kuna vigae vya saruji vyenye maua na nyota za rangi nyingi. Havikuchomwa katika tanuri. Rangi ya unga ilichanganywa na saruji, ikamiminwa katika kalibu yenye vyumba, kisha ikagandamizwa kwa mashini ya nguvu. Ufundi huu ulianzia Ulaya katikati ya karne ya 19 ukaenea hadi Bara Hindi. Kiwanda mashuhuri cha vigae vya namna hiyo karibu na Bombay kilianzishwa mwaka 1922. Rangi ya kigae cha namna hii si ngozi, imeingia ndani milimita kadhaa, ndiyo maana miguu ya vizazi vitatu hupita juu yake na ua likabaki pale pale. Kikifunikwa kwa rangi ya mafuta, vinyweleo vyake huziba, na anayetaka kuiondoa baadaye hulazimika kukisugua hadi kupoteza kile alichotaka kukiokoa. Dawa yake ni sabuni isiyo kali, maji, brashi ya nywele laini na subira, kisha nta ya sakafu. Ndimu, siki na asidi ya kusafishia choo hula saruji na marumaru ya kweli, zisitumike. Tone la maji linatosha kuvitambua: juu ya kigae cha kung'aa hubaki limesimama, juu ya kigae cha saruji kilichosafishwa hunywewa taratibu. Mwanachama mwenye nyumba Mji Mkongwe akumbuke pia kwamba mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kwamba iko Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa mwaka 1985. Kabla ya kugusa sakafu ya nyumba kongwe, aende akaulize.

Aina ya tatu ni ya kuogopwa. Vigae vyembamba vya plastiki ngumu, aghalabu vya inchi 9 kwa 9, vilivyotandikwa kabla ya miaka ya 1980 kwisha, vyaweza kuwa na asbesto ndani yake, hata katika gundi yake nyeusi. Visipigwe msasa, visivunjwe, visikwanguliwe. Vikiwa vizima, viachwe au vifunikwe.

Sakafu ikikutwa kavu na vigae vikawa ni vya kung'aa, kazi yenyewe yaweza kuanza, nayo robo tatu yake ni matayarisho. Kila kigae kigongwe kwa mpini wa kisu. Kinacholia kitupu kimeachana na saruji yake, na kikipakwa rangi kitacheza chini ya mguu na kuipasua. King'olewe, kipakwe saruji mpya, kirudishwe. Maungio yaliyotoboka yajazwe, na saruji mpya ipewe muda wa kukauka, isipungue wiki nne ikiwa ni tabaka nene. Kisha sakafu ioshwe kwa sabuni ya unga na maji ya moto ili kuondoa mafuta ya jikoni na nta za miaka mingi. Kusuuza kufanywe kwa maji matamu, ya mvua au ya bomba, kwa kuwa maji ya kisima chenye chumvi hurudisha palepale kile kilichokuwa kikiondolewa. Baada ya hapo ndipo unapokuja msasa. Ngozi ya kigae imetengenezwa isishike kitu, kwa hiyo haina budi kukwaruzwa mpaka mng'aro ufe na mkono uhisi ukavu kama wa chaki. Msasa ulowanishwe na fundi afunge pua na mdomo, kwa sababu vumbi la vigae hudhuru mapafu, na kama sakafu iliwahi kupakwa rangi ya mafuta ya zamani, vumbi lake laweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu kwa watoto.

Rangi ya msingi iwe ile inayoandikwa koponi kuwa inashika juu ya vigae. Rangi ya ukutani haifai hata ikiwa nzito kiasi gani. Itatoka na miguu ya viti. Iliyo imara zaidi ni ipoksi ya sehemu mbili, rangi na kigumishi, ambazo huchanganywa kwa kipimo kilichoandikwa na hazisubiri mtu. Katika joto la Jambiani hugandia ndooni upesi kuliko kopo linavyosema, basi zichanganywe kidogo kidogo. Siku za Masika, kuanzia Machi hadi Mei, si siku za kupaka. Siku za Kusi upepo huja moja kwa moja kutoka baharini na ukungu wa chumvi, na madirisha ya upande wa pwani yafungwe, hewa iingie kwa upande wa bara. Januari na Februari ni miezi mizuri kwa kazi hii.

Sasa chapa. Makatibu waliofanya kazi zama za mashine ya kurudufu hawana haja ya kufundishwa stensili ni nini. Karatasi ya nta ilikatwa herufi kwa mashine ya chapa, wino ukapita penye mkato, na muhtasari mmoja ukatoka nakala mia. Waliopiga chapa magunia kwa bati lililotobolewa herufi wanajua jambo lilo hilo. Sakafuni kinachobadilika ni ua tu mahali pa herufi. Kiolezo bora hukatwa kwa wembe kutoka filamu kuukuu ya eksirei iliyosuguliwa ikawa safi: ni ngumu, haikunjiki, hainyonyi rangi, na hufutwa kikatumika tena mara nyingi. Katika kukata, yaachwe madaraja ya kuunganisha sehemu za ndani na za nje, la sivyo katikati ya ua itaanguka.

Amerika ya karne ya 18 na ya 19, watu wasioweza kununua mazulia walipiga chapa mbao za sakafu zao kwa njia hii hii. Lakini mtu wa Unguja hana sababu ya kwenda mbali kutafuta nakshi. Kanga imekwisha kumpangia chumba. Pindo huzunguka kando ya kuta, mji hukaa katikati, na baina yake huachwa uwanja wa rangi moja ili jicho lipumzike. Korosho ya kanga hukatika vizuri katika kiolezo. Mistari ya ukili wa mkeka, nyota, mnyororo na waridi za milango ya mji navyo hukubali. Jina la kanga lisitiwe. Maandishi hayana mahali chini ya nyayo, na yakiwa ya herufi za Kiarabu, hata kama ni methali tu, yatawaudhi watu kwa haki.

Kosa la kawaida ni kutia vitu vingi. Chumba kidogo chenye ua katika kila kigae huonekana kidogo zaidi. Kigae kimoja kwa viwili au vitatu kinatosha, na rangi mbili zinatosha. Kuta za nyumba za mawe mara chache huwa na pembe sawasawa, kwa hiyo anayeanzia ukutani hujikuta amepinda afikapo upande wa pili. Uzi wa chaki upigwe kutoka kati ya kuta mbili hadi kati ya nyingine, chapa ianze pale zinapokutana na kwenda nje, na upungufu umezwe na pindo. Brashi ichovywe kidogo, ifutwe kwenye tambara mpaka ikaribie kukauka, kisha idonowe kwa kusimama wima. Rangi nyingi hupenya chini ya kiolezo na kuharibu ukingo. Fundi apange kumalizia mlangoni.

Vanishi ya mikono miwili hufuata. Mtu asipite kwa siku moja nzima, na kabati zisirudishwe kabla ya wiki. Kwa sakafu ya barazani au penye maji, mchanga laini ulioshwa unyunyizwe katika mkono wa mwisho ili watu wasiteleze. Ndani ya choo na bafu, penye maji kila saa, rangi hii isipakwe kabisa.

Adui mkubwa wa sakafu iliyopakwa Jambiani ni mchanga mweupe unaoingia na nyayo, kwa kuwa kazi yake ni ile ile ya msasa. Kifuta miguu cha usumba mlangoni kina faida kuliko mkono wa tatu wa vanishi, na usumba wenyewe hufukiwa, hupondwa na kusokotwa na wanawake wa mwambao huu huu. Sakafu ifagiwe kwanza, kisha ipigwe deki kwa maji matamu na sabuni kidogo.

Kwa upande wa chama, vifaa vya kazi hii havina haja ya kununuliwa na kila nyumba. Rola, brashi za kupigia chapa, pima maji, uzi wa chaki na violezo vyaweza kuwa mali ya chama na kuazimwa kwa ada ndogo, kama vyombo vya shughuli vinavyoazimwa. Katibu afungue ukurasa katika daftari la mali: jina la aliyeazima, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi, hali ya kifaa. Penye mkopo, kipimo cha nailoni kifanywe mbele ya mjumbe mmoja wa kamati na matokeo yaandikwe katika fomu ya maombi kabla ya fedha kutolewa. Aina ya rangi na nambari ya kivuli iliyo koponi ziandikwe pia, kwa sababu baada ya mwaka mmoja au miwili patahitaji kuguswa karibu na mlango, na hakuna mtu atakayekumbuka. Violezo vioshwe vikiwa bado na rangi mbichi na vining'inizwe msumarini. Vikilazwa juu ya bati la jua hupinda, na kiolezo kilichopinda hakilali tena.